Dereva Hakuua Injini: Taa Nyekundu Ilionekana Kwenye Klipu ya Bosi Mwenyewe

Mjini siku hizi hakuna siri, hasa kama siri yenyewe umeiposti kwa mkono wako.

Wiki mbili zilizopita msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliingia laivu usiku wa manane akiwa pembeni ya Barabara ya Morogoro, kabla ya kufika Kibaha. Alikuwa anarudi Dar kutoka kwenye shoo. Nyuma yake lilionekana gari lake jeusi la viti saba, lile lile alilolitambulisha mwaka jana likiwa limefungwa utepe mwekundu. Safari hii limekaa kimya, boneti iko wazi. Pembeni amesimama dereva wake, mtu mzima, kashika tochi ya simu, hasemi kitu.

Staa akageuza kamera, akammulika. "Oneni wanangu, huyu dereva kaniua gari. Injini imekufa. Kuanzia leo hana kazi."

Komenti zikamiminika. "Madereva wa Bongo bwana!" "Mkate mshahara mpaka injini ilipike." "Huyo alikuwa anachati." Hadi kunakucha sura ya yule mzee ilikuwa imeshageuzwa stika za WhatsApp, watu wanatumiana na kucheka.

Halafu akatokea shabiki mmoja mwenye macho ya mwewe. Akarudi kwenye klipu ambayo staa huyo huyo alikuwa ameiposti saa moja na nusu kabla ya laivu, walipokuwa wamesimama Chalinze kununua mishikaki. Kwenye klipu ile staa na madansa wake wanaimba kwa raha zao, simu inazungushwa ndani ya gari, na kwa sekunde kama mbili inapita juu ya dashibodi. Pale kati kuna kabirika kekundu kanakodondosha tone. Kanawaka.

Ukiweka spika za masikioni, chini ya muziki unamsikia mzee: "Bosi, taa ya oili inawakawaka. Tuzime kwanza niangalie."

Na unamsikia bosi anamjibu: "Mzee wangu, hiyo taa kila gari inawaka. Twende, saa mbili asubuhi nina intavyuu."

Klipu ilifutwa haraka. Skrinshoti hazifutiki.

Sasa mtandaoni kumegawanyika. Wapo wanaosema dereva ni dereva, gari likifia mikononi mwake ni lake. Wapo wanaosema staa aombe radhi. Hawa wa pili ndio wako sahihi, na sababu haina uhusiano na kumpenda au kutompenda huyo staa. Iko ndani ya injini yenyewe.

Ugonjwa wa taa ya mafuta

Vijana wengi wa mjini wamejifunza kuendesha na taa ya mafuta ikiwa imewaka. Ni maisha. Taa inawaka Mwenge, unajua utafika Tegeta, kesho utaweka ya elfu kumi. Taa ya mafuta ina huruma. Inakuonya mapema, inakuachia kilomita za kutosha kutafuta sheli, na ukizembea gari linazima tu. Unaweka mafuta, unawasha, maisha yanaendelea.

Mazoea hayo ndiyo yanayohamishiwa kwenye taa ya oili, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Mtu anaona kabirika kekundu, anafikiri ni ujumbe ule ule: oili inakaribia kuisha, ukipata nafasi ongeza. Sivyo.

Ile taa nyekundu kwenye magari mengi haipimi oili iliyobaki. Inaangalia presha. Chini ya injini kuna bakuli la oili, mafundi wanaliita sampo. Pampu inavuta oili kutoka kwenye sampo, inaipitisha kwenye filta, kisha inaisukuma kwa nguvu kwenye njia nyembamba hadi kwenye beringi za krenki na za konrodi. Kazi ya ile presha ni kuweka utando wa oili kati ya chuma na chuma ili visigusane. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde moja. Jiulize chuma kinachozunguka mara 50 kwa sekunde kikikosa ule utando kitafanya nini.

Kinachowasha taa kwenye magari mengi ni swichi ndogo tu. Inakaa kimya muda wote, inasubiri presha ianguke hadi karibu na sifuri, kwa kawaida kati ya baa 0.3 na 0.5, wakati injini nzima ikiwa barabarani huwa na baa kadhaa. Yaani mpaka kabirika kawake, mambo tayari yameharibika. Taa ya mafuta inasema "itaisha". Taa ya oili inasema "imeshaisha".

Ndiyo maana lile jibu la "kila gari inawaka" lilikuwa jibu la hasara. Ni kweli kila gari inawaka, pale unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini. Ukishawasha, inatakiwa izime ndani ya sekunde chache. Ikibaki, au ikirudi njiani, ni kesi nyingine kabisa.

Mbona baada ya Chalinze ilizima?

Watetezi wa staa wana hoja moja: mmoja wa madansa anadai gari lilipoondoka Chalinze taa ilizima yenyewe, kwa hiyo watu wote walijua ni longolongo za umeme. Dansa hadanganyi. Inawezekana kabisa ilizima, na hiyo ndiyo hila ya huu ugonjwa.

Oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi. Gari likiwa limesimama huku injini inaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, pampu inazunguka polepole. Oili nyepesi, pampu ya polepole, presha inaanguka, taa inacheza. Ukikanyaga mafuta pampu inakimbia, presha inapanda kidogo, taa inazima. Abiria wanashangilia, "si tulikwambia?" Kumbe dalili imejificha, haijapona. Injini yenye afya haichezeshi ile taa hata ukiwa kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni.

Walipopita Mlandizi taa ikarudi na ikaganda. Baada ya hapo kikaja kile kisauti ambacho kila fundi anakijua, ko-ko-ko-ko, kinaongezeka ukikanyaga mafuta. Hizo ni beringi zinakufa. Kwa lugha ya gereji, injini imenoki. Dakika chache mbele ikazima, haikuwaka tena.

Kati ya Chalinze na pale gari lilipofia kulikuwa na nafasi zaidi ya moja ya kuokoa injini ile. Zote zilimezwa na neno moja: "twende".

Rimu mpya, oili ya zamani

Kwa mujibu wa watu walio karibu na kambi ile, mzee aliomba hela ya sevisi mara mbili kabla ya safari. Meneja alimjibu "wiki ijayo" mara zote mbili. Mwezi huo huo gari lilivishwa rimu mpya na taa za rangi kwa ndani. Rimu zilipostiwa. Oili nani aiposti?

Hili halimhusu staa mmoja tu. Ni mtindo wa mji mzima. Gari linaoshwa mara tatu kwa wiki, lina manukato, lina stika ya jina la mtoto kwenye kioo, lakini ukivuta kile kijiti cha kupimia oili kinatoka kikavu, au kinatoka na kitu cheusi kizito kama masizi ya sufuria. Oili iliyopitiliza muda inatengeneza matope, matope yanaziba chujio la pampu chini kwenye sampo, na pampu inabaki inafyonza hewa. Galoni moja ya oili na filta yake haifikii bili ya meza moja ya bata la wikiendi. Injini ya mtumba, hata ukiikuta Ilala kwa bei ya kirafiki, ni milioni kadhaa, bado fundi, bado siku ambazo gari halitembei.

Kabirika kakiwaka, fanya hivi

Kwa kuwa klipu ile imetazamwa na wengi, angalau iache somo.

Kwanza, achia mafuta, washa hazadi, ingia pembeni salama iliyo karibu, simama, kisha zima injini. Usizime gari likiwa bado linakimbia, maana usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake. Na "karibu" maana yake ni hapo hapo. Sheli iliyo kilomita tano mbele haihesabiki.

Pili, weka pembetatu, subiri kama dakika 5 hadi 10 gari likiwa sehemu tambarare ili oili ishuke kwenye sampo. Vuta kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena. Kina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili inatakiwa iwe katikati ya hizo. Wakati huo huo chungulia chini ya gari. Kama kuna mchirizi, huenda nati ya sampo au filta haikukazwa vizuri kwenye sevisi iliyopita.

Tatu, kama oili iko chini ya alama na injini haikuwa inagonga, ongeza oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kidogo kidogo, huku unapima. Usijaze kupita kiasi. Krenki ikianza kuichapa inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Washa. Taa ikizima ndani ya sekunde chache, nenda taratibu mpaka gereji, maana ile oili iliyopungua imeenda mahali na lazima pajulikane. Taa isipozima, zima injini.

Nne, kama oili ipo ya kutosha na taa bado inawaka, usiwashe tena. Piga simu kwa fundi au ita brekidauni. Inaweza kuwa pampu, chujio limeziba, beringi zimechoka, au swichi yenyewe mbovu. Fundi anayejua kazi anafungua ile swichi, anafunga geji ya kupimia presha mahali pake, anakupa jibu la uhakika. Na kama umeshasikia ko-ko-ko, basi hata uongeze galoni nzima, usiwashe. Livutwe.

Kuna wajuaji watasema, "mbona mimi iliwaka, kumbe swichi tu?" Sawa, hutokea. Lakini piga hesabu kama mtu wa biashara. Kama swichi ilikuwa inadanganya na ukasimama, umepoteza saa moja na umechelewa intavyuu. Kama ilikuwa inasema kweli na hukusimama, umepoteza injini, na intavyuu pia hukufika. Staa wetu alikosa vyote viwili usiku mmoja.

Na mzee je, hana kosa?

Analo, na kusema hana ni kumfanya mtoto. Dereva wa kazi anapima oili asubuhi kabla ya safari, hasa safari ya kwenda na kurudi Morogoro, karibu kilomita 400. Kama alijua sevisi imepitiliza, angegoma kulitoa gari getini. Na pale Chalinze usukani ulikuwa mikononi mwake. Ufunguo pia.

Lakini kila aliyewahi kufanya kazi ya kuendesha bosi anajua ufunguo unaweza kuwa mikononi mwako na uamuzi usiwe wako. Aliyemwambia "twende" ndiye anayelipa ada za watoto wake. Dereva akisimama taa ikawa ya uongo, anaitwa mwoga na mchelewaji. Akiendelea taa ikawa ya kweli, anaitwa muuaji wa gari. Upande wowote analiwa yeye. Alisema, tena kwa adabu, tena mbele ya kamera. Kwa nafasi yake, hicho si kidogo.

Inauma zaidi ukijua historia yao. Wanaowafahamu wanasema mzee huyu alikuwa na teksi, na miaka ile staa hana hata hela ya vocha alikuwa anambeba kwa mkopo kwenda studio, saa nane za usiku, anamwambia "utanilipa ukitoka kimaisha, mwanangu". Kijana akatoka kimaisha, akamchukua awe dereva wake. Ilikuwa stori nzuri. Imeishia kwenye stika za WhatsApp.

Na kuna la kisheria ambalo kambi ile inapaswa kulijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Laivu ya usiku wa manane siyo utaratibu. Anayeona ameachishwa kwa kuonewa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Wiki mbili zimeshapita. Kama kuna mtu ana namba ya mzee, amkumbushe kuhesabu.

Kwa mnaotafuta gari la kwanza

Injini ile itatolewa, gari litawekwa nyingine, na siku moja litapostiwa "linauzwa, lipo vizuri, halina kipengele". Kwa hiyo mnunuzi, kuwa mjanja. Ukienda kuangalia gari la mkononi, fungua swichi bila kuwasha injini. Kabirika lazima kawake. Kasipowaka, uliza kwa nini, maana wapo wanaochomoa waya ili usione ugonjwa. Ukiwasha lazima kazime haraka. Kisha liendeshe mpaka lipate moto kabisa, simama, acha injini iungurume dakika kadhaa, tazama kama kanaanza kucheza. Kuna wauzaji wanaoweka oili nzito kuliko inayotakiwa ili injini iliyochoka ionekane nzima asubuhi ikiwa ya baridi. Ikipata moto, ukweli unatoka.

Radhi iende ilikotoka lawama

Staa anaweza kununua injini nyingine. Shoo mbili, imerudi. Jina la mzee wa watu haliuzwi Ilala. Kesho akienda kuomba kazi ya kuendesha familia ya mtu Mbezi Beach, mwenye nyumba atatoa simu, atamwambia, "si wewe yule wa kwenye stika?"

Kwa hiyo kumpigia simu usiku na kumtumia hela kimyakimya hakutoshi. Lawama ilitolewa laivu, radhi nayo itolewe laivu, kwa ukurasa ule ule, mbele ya mashabiki wale wale. Aseme tu: mzee alinionya, mimi nikasema twende. Dakika moja inatosha. Mashabiki wa Bongo wanasamehe haraka mtu akikiri. Wasichosamehe ni kufuta klipu na kukausha.

Na kwa kila gari linalotoka na washkaji kwenda Bagamoyo, Morogoro au Dodoma, iwe sheria ya ndani ya gari kabla muziki haujawashwa: kabirika kakiwaka, dereva ndiye bosi. Akisema tusimame, mnasimama. Hata kama mwenye gari ni wewe, hata kama umechelewa harusi yako mwenyewe.

Haya, tiririkeni. Wewe ungekuwa kiti cha mbele usiku ule Chalinze, ungesema "twende" au ungesema "zima"? Ila kabla hujaanza kuandika, shuka kwanza kavute kile kijiti.